Pambano la mgebuka kwenye lile shindano jipya la mapishi: mtangazaji kaharibu, au saa ndiyo imeharibu?

Mtu wa Katubuka

Habari za jioni wakuu. Waliotazama lile shindano jipya la mapishi Jumapili usiku, naomba tulijadili kwa kituo. Kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma ni kelele tu, kila mtu anamshambulia mtangazaji, hakuna anayesema sufuriani kulitokea nini.

Kwa ambao hamkuona: washiriki wanne, dakika 45, kila mmoja sahani moja. Kiungo cha lazima kilikuwa mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, mbichi au mkavu. Mezani kulikuwa na mawese, unga wa muhogo, dagaa wakavu, maharage ya njano, nyanya, vitunguu, ndimu na pilipili. Wa kwanza alikaanga mgebuka mbichi, ngozi yote ikabaki kwenye kikaangio. Wa pili alichukua mgebuka mkavu akamtumbukiza moja kwa moja kwenye mchuzi wa mawese, majaji wakasema una uchungu. Wa tatu samaki wake alikuwa mzuri ila ugali wa muhogo ulijaa madonge. Wa nne alipika maharage na vipande vya mgebuka juu yake. Maharage hayakuiva, jaji mmoja aliyatafuna mpaka sauti ikasikika, na bado ndiye aliyeshinda kwa sababu sahani yake ilipendeza kuliko zote.

Mtangazaji sasa. Anaongea mwanzo mwisho. Anamsogelea mtu anayesonga ugali anamuuliza "unajisikiaje?" Akasema dagaa wa Kigoma na wa Mwanza ni walewale. Akamwita mgebuka samaki wa Ziwa Victoria, hapo ndipo magrupu yalipochafuka.

Naomba wanaojua jiko waseme nani alikosea wapi, na wanaojua mambo ya runinga waseme lipi ni kosa la mtangazaji na lipi anasingiziwa. Matusi tuyaache kulekule WhatsApp.

Jikoni Ujiji

Mleta uzi, nitakwenda sahani kwa sahani, mtangazaji nawaachia wengine.

Ngozi kung'ang'ania. Mgebuka ni mwembamba, ngozi yake laini, na akishatiwa chumvi na ndimu anatoa maji. Yule dada alimtoa kwenye bakuli akiwa anachuruzika, akamweka kwenye mafuta ya vuguvugu. Hapo hakuna namna, lazima ashike. Njia yenyewe ni hii: mpasue, msafishe, mchanje mara tatu kwa mshazari kila upande. Kijiko cha chai kimoja cha chumvi kinatosha migebuka wawili wa kadiri, na ndimu nusu. Dakika 10, basi. Ukimlaza nusu saa, tindikali ya ndimu inaanza "kumuivisha" kabla ya moto, na akifika kwenye mafuta anameguka. Mfute kwa kitambaa kikavu nje na ndani ya tumbo, tena na tena, mpaka kitambaa kisishike unyevu. Mafuta yafike kina cha sentimita moja, tupia kipande cha kitunguu, kikitoa povu papo hapo mafuta yapo tayari. Mlaze, halafu mwache. Dakika 4 usimguse. Ngozi ikishakauka inaachia yenyewe. Yule dada alimgeuza haraka mno, kwa hiyo akamchuna badala ya kumgeuza.

Mgebuka mkavu. Aliyekaushwa kwa moshi ana masizi kwenye ngozi, na mara nyingi ana chumvi ya kutosha. Uchungu walioulalamikia majaji ni masizi hayo. Anatakiwa alowekwe kwenye maji ya moto, si yanayochemka, kwa dakika 20. Maji hayo mwaga, msuuze, toa kichwa na uti wa mgongo, ndipo aingie mchuzini dakika 15. Chumvi onja mwishoni. Hesabu inaingia ndani ya dakika 45, lakini kwa sharti kwamba samaki anaingia kwenye maji dakika ya kwanza kabisa, na vitunguu vinakatwa yeye akiwa analowa. Mshiriki alianza na vitunguu, akavikata vizuri kweli, vyembamba kama karatasi, na saa ilionyesha zimepita dakika 12. Alipomkumbuka samaki muda wa kuloweka haukuwepo tena.

Mawese. Hili majaji hawakuligusa na mimi naliona kubwa kuliko yote. Washiriki wawili waliyachoma mawese mpaka yakatoa moshi na wekundu ukapotea. Wekundu wa mawese ni karotini, na karotini haivumilii moto mkali. Ukiyachoma namna ile unabaki na mafuta ya kawaida yasiyo na rangi wala ile harufu yake. Moto uwe wa kati. Mawese ya kukamua nyumbani huwa yana maji kidogo ndani, kwa hiyo mwanzo yatatatarika. Subiri mlio utulie, kama dakika 2 au 3, harufu mbichi itoke, kisha tia vitunguu. Kwa samaki wanne, vijiko vinne vya chakula vinatosha. Kama mawese yanawasha koo, tatizo si la upishi, ni mawese yaliyokaa sana au chikichi zilizochelewa kukamuliwa. Hayo hakuna kitunguu kitakachoyaokoa.

Na jingine: samaki akishaingia mchuzini usikoroge. Shika sufuria uitikise. Wa tatu alifanya hivyo na ndiyo sababu samaki wake alifika mezani akiwa mzima.

Gungu Juu

Mimi namtetea mtangazaji kidogo. Utani wake unafanya watoto wakae mbele ya runinga, na alimwinua yule samaki akamwonyesha kwa kamera kichwa mpaka mkia, jambo ambalo vipindi vingi vya mapishi havifanyi. Watu wa Dar wengi walikuwa hawajamwona mgebuka mzima. Kumwita wa Victoria ni kosa, lakini mtu anasoma alichoandikiwa.

Fundi Mitambo

Gungu Juu umegusa penyewe. Ngoja niseme kwa upande wa uzalishaji wa vipindi.

Mtangazaji wa shindano la mapishi ana kazi tatu tofauti. Ya kwanza ni kutunza sheria na saa: anafungua kiungo cha siku, anatangaza dakika, anapiga "acha". Ya pili ni kumweleza mtazamaji kinachoendelea kwenye majiko yote kwa wakati mmoja. Ya tatu ni kwenda jikoni kuchukua habari: nani kaweka nini, kiasi gani, kwa nini. Wajapani walipoanzisha Iron Chef mwaka 1993 kwenye Fuji TV kazi hizi waligawa. Mwenyekiti, Takeshi Kaga, alifungua kiungo na kutawala ukumbi. Mtangazaji mwingine alikaa mezani akisimulia, pembeni yake mtaalamu wa chakula. Wa tatu alikuwa chini jikoni na kipaza sauti, anakimbia kati ya majiko na kutuma taarifa juu. Muda ulikuwa saa nzima. Hapa kwetu kazi zote tatu kabebeshwa kijana mmoja, na mnashangaa anaongea bila kupumua.

Anachosingiziwa: kelele za "bado dakika tano, bado dakika tanoo!" Mwongozaji anamwamrisha kupitia kifaa cha sikioni. Pia dakika 45 za jikoni hazikuonyeshwa zote, zimekatwa zikabaki kama 25 hivi hewani, na kila palipokatwa mhariri anaziba kwa sauti yake. Ndiyo maana inaonekana hanyamazi.

Kosa lake mwenyewe ni maswali. "Unajisikiaje" halina jibu. Mshiriki atasema "najisikia vizuri, namshukuru Mungu", na mtazamaji hajapata kitu. Swali la jikoni lina jibu linaloweza kupimwa: maji umeweka kiasi gani? Huyu samaki anabaki dakika ngapi? Kwa nini hujaweka chumvi? Angemuuliza yule wa mgebuka mkavu "mbona hujamloweka?" dakika ya 12, kipindi kingekuwa na maana, na mtazamaji angejua uchungu utatoka wapi kabla jaji hajaonja.

La pili ni pa kusimama. Alisimama kati ya kamera na jiko mara kadhaa. Kibaya zaidi, alisogeza kipaza sauti chake kwenye kikaangio huku anaongea, mlio wa samaki anapokaangika ukafa. Mlio ule ni habari. Ukiwa mkali na mwembamba mafuta yana moto, ukiwa mzito wa kubwabwaja mafuta yamepoa na samaki anachemka. Fundi wa sauti aliyejipanga huweka kipaza kimoja kwa ajili ya majiko peke yake na mtangazaji hukaa kimya sekunde chache. Na la tatu, wakati wa kumsogelea mtu. Anayekata vitunguu unaweza kuongea naye. Anayesonga ugali, hapana.

Kuhusu ushindi wa maharage mabichi, hilo ni la utaratibu wa majaji. Walimwona kila mpishi akileta sahani yake, wakaisifu kwa macho, ndipo wakaonja. The Great British Bake Off, shindano la kuoka la Uingereza, wana raundi moja ambayo majaji wanaonja bila kujua kipi ni cha nani. Sahani zinapangwa mezani bila kuonyesha nani kapika ipi. Hapa ingefaa sana. Pia mpangilio wa kuonja: sahani ya ugali ilionjwa ya mwisho. Kati ya "acha" na jaji kuonja kuna kupiga picha za sahani, kupanga taa, kufuta makombo, na ugali wa muhogo ukikaa unafanya ngozi na kukaza. Sahani yenye ugali ilitakiwa ionjwe ya kwanza, au jaji apite na kijiko wakati watu bado wanapika.

Mtu wa Katubuka

Nimeipenda hiyo ya kazi tatu. @Jikoni Ujiji, umeruka ugali. Yale madonge yalitoka wapi wakati unga ulikuwa mzuri? Na nimesikia mtu akisema jiko la studio ndilo baya.

Jikoni Ujiji

Sikuruka, niliuweka pembeni maana ni habari ndefu.

Yule kaka alitia unga kwenye maji ambayo hayajachemka sawasawa, kisha akasimama kujibu swali. Punje za wanga zikigusa maji ya moto zinavimba na kunata. Maji yakiwa hayajatokota, nje ya bonge inalowa na kufunga, ndani unga unabaki mkavu. Baadaye moto ukipanda lile bonge limeshajifunga, mwiko haulivunji tena. Halafu akaona mzito akaongeza maji ya bombani, ya baridi. Hapo alimaliza kazi.

Kwa lita moja ya maji, unga wa muhogo gramu 500 hadi 600, kutegemea unataka mgumu kiasi gani. Unga uchekeche kwanza. Chemsha maji mpaka yatokote hasa. Chota kikombe kimoja cha maji hayo yanayotokota uweke pembeni. Punguza moto uwe wa kati, mimina unga wote katikati ya sufuria uwe kilima, usikoroge. Acha dakika 2 au 3, maji yapande pembeni na kuupenya. Sasa ingiza mwiko katikati, songa kwa nguvu kutoka chini kwenda juu ukiubandika ukutani mwa sufuria. Ukikaza sana rudishia yale ya kikombe, kidogo kidogo, daima ya moto. Dakika 5 za kusonga bila kusimama. Utajua umeiva weupe wa unga ukipotea, ukawa unang'aa na kuvutika, na haubaki kwenye vidole vilivyoloweshwa maji. Kazi yote haizidi robo saa, kwa hiyo uanze baada ya samaki kuingia mchuzini, si kabla.

Jiko nalo. Nilivyoona ni yale ya kioo ya umeme, ya induksheni. Jiko lile linapasha chuma chenye kushika sumaku tu. Sufuria zetu za alumini haliziamshi kabisa. Ndiyo maana wote walipewa vyungu vya chuma vya studio, vizito, vyenye mpini mmoja mrefu. Sufuria ya mpini mmoja kwenye kioo laini ukisonga ugali inazunguka nayo. Nyumbani sufuria inashikwa kwa miguu au kwa vijiti vya kushikilia, mpishi kakaa chini au kainama, nguvu inatoka begani. Pale alisimama, jiko limefika kiunoni, mkono mmoja umeshika mpini, mkono mmoja unasonga. Hata mtu aliyekulia Mwandiga angehangaika. Wangetaka haki wangeweka jiko moja la gesi la chini kwa ajili ya ugali, au kitambaa chenye unyevu... hapana, kitambaa kwenye jiko la moto sipendekezi. Jiko la chini.

Na kwa wanaosema "mbona ugali wa muhogo ni hatari": unga uliotoka kwenye makopa yaliyovundikwa siku tatu nne na kukaushwa vizuri hauna shida. Shida ni muhogo mchungu, ule wenye sumu, ulioharakishwa. Shindano lenyewe lisijaribu kuwapa washiriki muhogo mchungu mbichi wakaambiwa dakika 45, hilo ni la usalama.

Kibirizi Sokoni

Niingie kwenye samaki maana humo ndimo mtangazaji alipoteleza.

Mgebuka, kwa jina la kisayansi Lates stappersii, anapatikana Ziwa Tanganyika tu. Ana undugu na sangara wa Victoria, wote ni jamii ya Lates, labda mwandishi wa kipindi alichanganya hapo. Dagaa ndiyo tofauti kabisa. Dagaa wa Tanganyika ni aina mbili na wote ni ukoo mmoja na sadini za baharini. Dagaa wa Victoria ni wa ukoo mwingine, ule wa samaki wanaoitwa kapi. Ladha hazifanani kwa sababu samaki wenyewe si ndugu.

@Jikoni Ujiji, kwenye ngozi ya samaki mimi simlaumu yule dada peke yake. Samaki aliyekuwa mezani hakuwa wa jana usiku. Tazameni macho: yalikuwa meupe yamezama, na matamvua yalikuwa kahawia. Kutoka hapa mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo yule alikuwa amegandishwa. Samaki akigandishwa polepole, barafu inapasua nyama ndani, na akiyeyuka maji yanaendelea kutoka hata ukimfuta. Pale kitambaa kimoja hakitoshi. Aliyegandishwa ayeyushwe kwenye friji usiku kucha juu ya wavu, maji yadondokee chini, asiwekwe kwenye beseni la maji ya moto kama walivyofanya (ilionekana nyuma ya mtangazaji, dakika za mwanzo). Halafu apakwe unga mwembamba wa ngano au wa muhogo, kijiko kimoja kwa samaki, unanyonya unyevu uliobaki.

Watayarishaji wakitaka mgebuka wa maana waje kurekodi huku, na wasije mbalamwezi. Mitumbwi ya dagaa na migebuka inavua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki, wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda. Waangalie pia serikali isiwe imefunga ziwa, kama ilivyofunga kati ya Mei na Agosti 2024.

Dagaa wa mapambo aliyewekwa juu ya ile sahani iliyoshinda alikuwa na mchanga, jaji alitema kidogo mkajifanya hamkuona. Dagaa aliyeanikwa chini kwenye mchanga hachujwi, anaokolewa. Mtie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, msugue kwa viganja taratibu, kisha mchote kwa mikono umpeleke beseni la pili. Usimimine maji na dagaa pamoja kwenye kichujio, mchanga uliozama chini utarudi juu yake. Mara tatu hivyo. Asikae majini, dakika mbili tatu zinamtosha, akikaa anakatika. Mkamue, mwanike kwenye ungo akauke kidogo, ndipo umkaange. Aliyeanikwa kwenye kichanja anahitaji mara moja tu, na bei yake iko juu kwa sababu hiyo.

Gungu Juu

Kwa hiyo dakika 45 zinatosha au hazitoshi? Maana kila mtu anasema lake.

Fundi Mitambo

Kwa samaki zinatosha. Chopped ya Marekani inawapa wapishi dakika 20 kwa kianzio na dakika 30 kwa mlo mkuu, lakini viungo vyao vinachaguliwa viendane na muda huo na washiriki ni wapishi wa kazi. Huwezi kuchukua saa ya namna ile ukaiweka juu ya meza yenye maharage makavu. Hilo ni kosa la aliyepanga meza.

Mtu wa Ipuli, Tabora

Ndugu zangu wa Kigoma, naomba niyachukue maharage.

Maharage makavu yaliyolowekwa saa 8 hadi 12 yanataka saa moja mpaka moja na nusu kwenye sufuria ya kawaida. Yasiyolowekwa, ongeza saa nyingine. Kwenye sufuria ya presha, yaliyolowekwa yanaiva dakika 25 hivi. Mshiriki hakupewa yaliyolowekwa wala presha. Alichokosea yeye ni nyanya. Aliziweka dakika ya 10, maharage yakiwa bado mawe. Tindikali ya nyanya inakaza ganda la haragwe, hata ukichemsha mpaka kesho yatakuwa yanateleza nje na magumu ndani. Nyanya na ndimu ziingie haragwe likishabonyeka kati ya vidole viwili. Magadi yanafanya kinyume, yanalainisha. Robo kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha, ukizidisha yanakuwa na ladha ya sabuni na rangi inachafuka.

Jambo jingine ambalo watu wa studio hawalifikirii. Dar ni usawa wa bahari, maji yanachemka nyuzi 100. Kigoma mko karibu mita 775 pale ziwani, Tabora tuko kama mita 1,200. Kila mita 300 zinapunguza takriban nyuzi moja, kwa hiyo maji yetu huku yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi. Mpishi wa Tabora aliyezoea maharage ya saa mbili akifika Dar atakuta yanaiva mapema kidogo, na wa Dar akija huku atadhani mkaa ni mbovu. Kama shindano litazunguka mikoani, dakika zisiwe zilezile kila mahali.

Kwa mtangazaji sina ugomvi naye. Ila aache kuonja kwa kijiko kisha kukirudisha kwenye sufuria ya mshiriki. Vijiko viwili, kimoja cha kuchotea, kimoja cha kuonjea.

Mtu wa Katubuka

Asante sana mkuu wa Ipuli. Wametangaza Jumapili ijayo ni vyakula vya Tabora. Sisi wa ziwani tutazame nini ili tusidanganywe na sahani nzuri?

Mtu wa Ipuli, Tabora

Kwanza mezani. Wakileta viazi vikavu, uliza ni michembe au matobolwa, na mtangazaji akisema ni kitu kimoja mjue hajajifunza. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi vikaanikwa. Matobolwa vilichemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Matobolwa unaweza kutafuna hivyohivyo na chai. Michembe lazima ichemshwe, na kwa dakika 45 inawezekana ikiwa imekatwa nyembamba na imeingia kwenye maji mapema.

Mlenda. Usifunikwe, ukifunikwa unafura na kumwagika. Magadi kidogo sana. Karanga zilizotwangwa mbichi zinataka kama dakika 15 za moto mdogo huku ukikoroga mpaka chini, kwa sababu zinashika na zikishika harufu ya kuungua inapanda mpaka juu. Mkiona mtu anamwaga karanga mbichi dakika ya 40, huyo hata jaji asionje.

Uyoga wa miombo kama hawajaja msimu wa mvua watakuwa nao mkavu, ulowekwe nusu saa na yale maji yachujwe kwa kitambaa yarudi kwenye mchuzi, yana ladha kuliko uyoga wenyewe.

Halafu asali, maana najua wataileta, Tabora bila asali hawawezi kurekodi. Mshiriki akiitia kwenye nyama mwanzoni kabisa, sukari yake itaungua kabla nyama haijaiva, nje nyeusi ndani mbichi. Nyama iive kwanza, asali ipakwe dakika 5 za mwisho moto ukiwa mdogo, igeuzwe mara mbili. Na msikilize mtangazaji kama atauliza imepakwa dakika ya ngapi.

Fundi Mitambo

Akiuliza hilo mimi nampigia kura kwa SMS yeye, siyo mshiriki.

Kibirizi Sokoni

Ipuli, nyama ya ng'ombe au kuku? Maana kwa dakika 45 kuku wa kienyeji haivi.

Mtu wa Ipuli, Tabora

Haivi. Wa kienyeji aliyekomaa anataka saa moja na nusu kuendelea. Wakiweka kuku wa kienyeji mezani bila presha mjue yule aliyepanga meza wiki iliyopita bado yupo kazini. Mshiriki mwenye akili atachukua kidari peke yake, akikate vipande vya unene wa kidole, akikaange haraka, na mifupa aiache itoe supu.